Miaka ya Rwamba

"Keti wewe kwanza, Mama," Ruguru alisema, akainuka kwenye benchi huku akishikilia magoti yake.

Ruguru alikuwa mwanamke wa mvi na wajukuu. Aliyekuwa akiachiwa benchi alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita, mwenye raba miguuni na simu iliyopasuka kioo. Wote wawili walikuwa wamekuja kuomba kazi moja, na mgeni aliyepita hapo angedhani ni mchezo wa kuigiza. Lakini pale Kiambere hakuna aliyecheka. Msichana huyo aliitwa Rwamba, na kila mtu alijua kwamba Rwamba ndiye aliyemfundisha Ruguru kupika.

"Shosho, magoti yako," msichana alisema. "Keti tu, tafadhali."

"Wacha kuniita shosho. Ukiniita hivyo naona kama unanichokoza."

Wakaishia kusimama wote wawili, benchi tupu katikati yao.

Ukweli ni kwamba aliyemfundisha Ruguru kupika alikuwa Rwamba mwingine, nyanya ya huyu, na huyo alizikwa mwaka juzi. Ila kufa, kwa Wambeere, hakumalizi mambo upesi hivyo. Mwanamume akipata binti wa kwanza humpa jina la mama yake mzazi, na jina halisafiri peke yake. Huja na heshima zake, na marafiki zake, na hata maadui wake. Ndambiri, baba yake Rwamba, hakuwahi kumwita binti yake jina lingine ila Mama. Hakuwahi kumchapa, maana ni nani mwenye akili timamu humchapa mama yake? Siku moja, Rwamba akiwa mtoto wa chekechea, alitumbukiza redio ya baba yake kwenye ndoo ya maji aone kama itaendelea kuimba. Ndambiri aliketi chini, akashika tama, akasema kwa uchungu, "Sasa Mama, nimekukosea nini?"

Watu walikicheka kisa hicho kwa miaka mingi. Rwamba hakuwa na hakika kama kilichekesha. Siku ile alikuwa ametamani kofi moja tu, la baba kwa mwanawe, kisha abebwe mgongoni mpaka asinzie.

Jiko walilokuwa wamesimama mbele yake lilianza mwaka wa njaa. Bwawa la umeme lilikuwa pale chini likiwasha taa za miji ya watu, na huku juu wazee walikuwa wakilala na maji ya moto tumboni. Rwamba mkubwa akapanga mawe matatu kando ya kanisa, akaazima sufuria, akapita nyumba kwa nyumba akiomba kila mwenye kitu atoe konzi moja: ya ndengu, ya kunde, ya mtama. Alichopika kililiwa na wazee wasio na watu na watoto wadogo. Baadaye wafadhili walisikia, wakaja na gari. Jiko likapewa jina, Tushibe, na bango barabarani, na ofisi ya mabati ya rangi. Likapata meneja na dereva na mtunza ghala, wote wenye mshahara.

Wapishi waliitwa watu wa kujitolea. Neno tamu sana, kujitolea; lina heshima nyingi na halina mshahara. Mwisho wa mwezi walipewa pakiti ya unga, na kila Desemba fulana ya kijani iliyoandikwa Asante. Asante haipikiki, lakini Rwamba mkubwa hakuzitupa. Asubuhi za baridi alizivaa zote, moja juu ya nyingine.

Kisha akaanza kukohoa. Alikohoa misimu kadhaa, akisema ni vumbi, na asubuhi moja akaangukia pale pale mbele ya sufuria ya uji, mwiko mkononi. Hata gari la kumpeleka hospitali halijafika, alikuwa amekwisha kwenda. Tushibe ilileta gunia la mahindi matangani. Fadhila ya punda, wahenga walishasema, na anayejua mwisho wa methali hiyo aumalizie mwenyewe. Ruguru ndiye aliyeyapika mahindi hayo, kwenye sufuria ile ile, akilia mpaka mvuke na machozi vikawa kitu kimoja.

Ndambiri hakulia. Rwamba alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Kangeta, vidole bado vyeusi kwa utomvu wa miraa. Huko alikaa na wasichana wenzake wakifunga miraa kwenye majani ya migomba, wakitaniana, wakilipwa jioni kwa jioni. Walimwita Purity, jina lake la ubatizo, na hakuwa mama wa mtu. Alipoingia uani, akitafuta pa kuweka mfuko wake, baba yake alimwona. Uso wa mzee ukatulia. Akawageukia waombolezaji akasema, "Nyamazeni basi. Mama yuko. Amefika na basi ya asubuhi."

Baada ya wiki moja wapishi walimtumia ujumbe: jiko linakungoja. Akaenda. Hakurudi Kangeta tena.

Hapo ndipo mambo yake yalipoanza. Rwamba hakuwa amewahi kupika chakula cha umati, lakini mkono wake ulijua. Siku ya kwanza alidondosha tone la uji kwenye ngozi ya juu ya kiganja, kando ya kidole gumba, akaliramba kuonja chumvi, na wanawake wote wakaacha walichokuwa wakifanya.

"Nani amekufunza hivyo?" Ruguru aliuliza.

"Hakuna."

"Basi," Ruguru alisema, na akaenda kumletea kigoda ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia tangu msiba.

Wazee walianza kumjia. Mmoja alirudisha sindano aliyoazima zamani. Mwingine alimwomba msamaha kwa sababu ya mbuzi fulani, akieleza kwa kirefu, machozi yakimlengalenga, na Rwamba ambaye hakumjua mbuzi huyo wala mwanzo wa ugomvi alimsamehe. Angefanya nini? Alirudi kwenye uji wake akijihisi mwizi, na mzee akaenda zake mwepesi.

Na kulikuwa na mwiko. Hilo hakumwambia mtu. Mara kwa mara, akiwa nje kwenye rundo la kuni, alisikia ndani mwiko ukikwaruza chini ya sufuria, taratibu, kwa mizunguko mirefu. Akiingia hapakuwa na mtu. Uji ulikuwa umekorogwa, nao haujashika chini. Mwanzoni jambo hilo lilimfariji, kama mtu anavyofarijika akijua kuna mkubwa nyumbani. Baadaye, mvua za mwaka huu zilipokosa kuja na moshi ukakaa jikoni bila pa kwenda, Rwamba alianza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu, kikianzia chini ya mbavu. Wanawake walitazamana wakitabasamu. "Sikia," walisema. "Ni yeye kabisa." Rwamba alitabasamu nao, na mgongo ukamsisimka.

Alianza kujiuliza kama msichana aliyekuwa akicheka na wenzake Kangeta alikuwa amewahi kuwako. Alijaribu kukumbuka sauti ya mtu akimwita Purity, na sauti haikuja. Aliogopa sana, na hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu mtu ambaye angemwambia angemjibu kama anavyojibiwa nyanya yake.

Kisha akaja Bi Veronicah. Alikuwa meneja mpya, mwenyeji wa Kibugu kule juu kwenye majani chai, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Siku yake ya kwanza aliuliza nani analipwa na nani halipwi. Alipojibiwa akasema ni aibu nyumba inayolisha wenye njaa iwe na wapishi wenye njaa. Alipigana na kamati, akapigana na wafadhili kwa simu na kwa barua pepe, na mwishowe tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa posho mili, kinu cha kusagia unga, na kutumwa WhatsApp. Wapishi wote wangelipwa kwa siku. Mmoja angeajiriwa kwa mkataba kuwa mpishi mkuu, mwenye mshahara kamili na bima ya matibabu. Wote wangeulizwa maswali yale yale. Na mtu aliyepika pale bila malipo, miaka yake ingehesabiwa kama kazi halali; ingempa alama, na ingempandishia mshahara.

Sehemu hiyo ya mwisho watu waliishika kwa moyo kama aya ya Biblia.

"Unaona," Ndambiri alimwambia binti yake asubuhi hiyo, wakishuka pamoja kwenda Tushibe. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na jua lilikuwa tayari linauma. "Wamekubali wenyewe. Ile miaka yako yote wanairudisha. Mimi nilijua, Mama. Nilijua hawa watu watakulipa kabla sijazeeka."

"Baba, mimi nimepika miaka miwili tu."

Ndambiri alicheka, kicheko cha mtoto anayetaniwa na mama yake. "Haya, cheka na mimi," alisema. Alikuwa na furaha ambayo Rwamba hakuwa ameiona usoni mwake tangu zamani, naye akaliacha jambo hilo hapo.

Sasa Ndambiri alikuwa upande wa pili wa ghala, ambako usaili ulikuwa ukifanyika, amejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta chini ya dirisha la waya. Ruguru na Rwamba walikuwa bado wamesimama kando ya benchi lao.

"Mimi nimekuja tu kwa sababu Bi Veronicah alisema kila mtu aje," Ruguru alisema. "Hiyo kazi ni yako. Mimi nikipewa ya kila siku, niwe nikikuoshea sufuria, sina maneno."

"Na wale watoto?"

Ruguru aliangalia chini. Alikuwa akilea wajukuu watatu, watoto wa binti yake aliyeenda mjini na simu yake ikazimika. Jioni, baada ya jiko, aliwachotea watu maji kwa mgongo ili apate ya daftari na sare. Kila mtu alijua, na kila mtu alimsifu kwa bidii yake, kwa kuwa sifa ni bure.

"Watakula. Wamekuwa wakikula," alisema.

"Wewe ulianza kupika hapa lini?"

"Si unajua? Nyuma yako. Ule mwaka uliofuata." Macho ya Ruguru yalilainika. "Ulinikuta nimekaa hapo kwa mawe nikilia. Yule mwanaume alikuwa amenitoroka, na kwa nyumba hakuna hata chumvi. Ukaniangalia hivi, ukaniambia, machozi haiivishi ndengu, kuja ushike mwiko. Hata pole hukusema!" Akacheka, akipangusa jicho. "Wewe mwanamke ulikuwa mkali."

Rwamba alimtazama. Mwaka huo anaousema Ruguru, yeye alikuwa shule ya msingi, amevaa sare iliyoshonwa kubwa ili asiikue upesi, akikariri majina ya mito ya Kenya. Hakuwa amemkuta mtu yeyote akilia. Na hapa palikuwa na mwanamke mzima akimshukuru kwa kumwokoa, na kwa shukrani hiyo yuko tayari kumwachia chakula cha wajukuu wake bila kinyongo.

Mlango ukafunguliwa. Akaitwa Rwamba.

Ndani ya ghala palinuka magunia na dawa ya wadudu. Bi Veronicah aliketi nyuma ya meza na karatasi zake, na kando yake Mzee Njeru, mwenyekiti wa kamati, kofia ameiweka gotini. Mzee Njeru alipomwona Rwamba aliinuka nusu, kama alivyozoea kuinukia wakubwa wake.

Maswali ya kwanza hayakumsumbua. Ndengu zikija na vijiwe, utafanyaje? Chakula kikipungua na foleni bado ni ndefu, utampa nani kwanza? Mpishi mwenzako akija na kidonda mkononi? Rwamba alijibu polepole, na Bi Veronicah akaandika bila kuinua macho.

"Swali la mwisho. Umepika hapa Tushibe kwa muda gani, kwa malipo au bila malipo?"

Kabla Rwamba hajafungua mdomo, Mzee Njeru alikuwa amekwisha kujibu.

"Huyo? Andika kutoka mwanzo, madam. Ile njaa yenyewe. Mimi nilikuwepo akipanga mawe. Mimi ndio nilimbebea sufuria kutoka kwa kanisa, na akanitukana njiani juu ya kuiburuta."

"Mzee, tulikubaliana kila mtu ajijibie."

"Si ni kumsaidia tu? Hiyo si siri. Hakuna mtu amepika hapa kumshinda. Huyo mwingine hapo nje atakwambia hivyo hivyo, muulize." Mzee Njeru hakuwa akidanganya. Uso wake ulikuwa wazi kama wa mtu anayetoa ushahidi kanisani. "Madam, tulimkosea huyu mama. Tulimpatia fulana. Mimi nilikuwa kwa kamati, nilinyamaza, na hiyo kitu imenikalia hapa." Akajigusa kifua. "Dawa ya deni ni kulipa. Leo tunamlipa, yamekwisha, hata yeye atulie."

Kalamu ya Bi Veronicah ilisimama. Ofisini aliitwa Veronicah, lakini kwao Kibugu aliitwa Wambeti, na alikuwa na baba mwenye nywele nyeupe aliyemwita Mama. Alijua vizuri sana Mzee Njeru anasema nini. Alijua pia mshahara wa mpishi mkuu uliopandishwa kwa miaka yote hiyo ni shilingi ngapi, na kwamba hakuna mfadhili angekuja Kiambere kuuliza Rwamba yupi alizaliwa lini. Alimtazama msichana.

"Nitaandika utakachosema wewe," alisema. "Sitauliza mara ya pili."

Hapo ndipo Rwamba aliposikia mwiko.

Siku hiyo jiko halikuwashwa. Wapishi wote walikuwa nje wakingoja zamu zao. Lakini nyuma ya ukuta, upande wa jikoni, mwiko ulikuwa ukikwaruza chini ya sufuria tupu kwa mizunguko yake mirefu. Mzee Njeru alikuwa akipapasa kofia yake. Bi Veronicah hakuwa amegeuza kichwa. Ni yeye tu aliyesikia. Kisha sauti ikakoma, kama mtu anavyoacha kukoroga ili asikie vizuri kinachosemwa chumba cha pili.

Unataka nini? Rwamba alimwuliza nyanya yake kimoyomoyo. Kama ni mshahara wako, niambie, nitauchukua. Nitaupokea kila mwezi na kukuletea. Nitakohoa kikohozi chako mpaka nami niangukie pale ulipoangukia, na wao watasema tulimlipa. Dirishani, nyuma ya waya, kipande cha koti la baba yake kilikuwa hakitikisiki.

Kusema miaka yote ile ni yake kulikuwa rahisi. Ilitosha kunyamaza tu. Kusema miwili kulikuwa na bei nyingine, na haikuwa ya fedha. Ili aseme miwili ilimbidi aseme lile jambo ambalo hakuna mtu nyumbani kwao alikuwa amelisema, hata siku ya maziko, mbele ya jeneza. Na aliyestahili kuambiwa kwanza, kwa upole, mahali pa faragha, alikuwa amesimama dirishani na koti la kanisani.

"Miaka miwili," alisema.

Mzee Njeru alicheka kidogo, kwa heshima. "Na ile ingine?"

"Ile si yangu, Mzee. Ni ya shosho yangu." Sauti yake ilikuwa ikitetemeka, naye akaiacha itetemeke. "Shosho yangu alikufa. Alifia hapo kwa jiko, mkaleta mahindi. Hamkumlipa, na sasa hamuwezi kumlipa. Mkinilipa mimi mtasema yamekwisha. Mimi sitaki yaishe hivyo. Mimi naitwa Purity Rwamba Ndambiri, nilikuja hapa nikitoka Kangeta, na nimepika miaka miwili."

Mzee Njeru aliivaa kofia yake, akaivua tena, akaitazama kana kwamba si yake. Bi Veronicah aliandika tarakimu moja, akaikazia. Nje ya dirisha, pale palipokuwa na kitambaa cha koti, sasa palikuwa na jua tupu.

Wengine waliingia na kutoka. Jioni ilipokaribia Bi Veronicah alisimama mlangoni akasoma matokeo mbele ya wote, alama za kila mtu, bila kuficha hata za wa mwisho. Ruguru ndiye mpishi mkuu. Rwamba alikuwa wa pili, angelipwa kwa siku kama wenzake.

Ruguru hakushangilia. Aliziba mdomo kwa leso, kisha akainuka kwa hasira. "Hapana! Mnanipatia kiti yake na yeye amekaa hapo? Mnataka anilaani?"

"Siwezi kukulaani, shosho," Rwamba alisema. "Mimi sina mamlaka hiyo. Mimi ni mtoto tu."

"Sasa nitakuamrisha aje?"

"Sema tu nilete kuni."

Ruguru alimtazama kwa muda mrefu, usoni, kama mtu anayetafuta njia aliyopita zamani na nyasi zimeota. Hakuiona. "Leta kuni," alinong'ona, akitazama pembeni. Kisha akaketi chini pale pale akalia kwa sauti, na wapishi wengine wakamzunguka. Hawakujua kama wampe hongera au pole, wengine wakampa zote mbili.

Rwamba alileta kuni za kesho, akazipanga. Alisimama kidogo jikoni peke yake, akangoja. Hakusikia kitu. Alidhani angefurahi, lakini kimya kile kilimwuma kuliko sauti, akatoka upesi na macho yakiwa yamemjaa.

"Baba yako alienda kitambo," mtu alimwambia njiani. "Nimempita huko juu. Nilimsalimia na hakuitika."

Alipanda kilima akijipangia maneno. Baba, nisamehe. Baba, sikutaka usikie hivyo. Alipofika uani mbuzi walikuwa bado hawajafungiwa, na koti la kanisani lilikuwa limetundikwa kwenye ua. Nyuma ya nyumba alisikia mtu akihema.

Sauti ilitoka kwenye kaburi la nyanya yake. Tangu lifukiwe hakuna aliyekuwa amelishughulikia. Majirani walipouliza, Ndambiri alisema hana cha kupalilia hapo, na nyasi zikaota zikakauka, na katikati, pale kifuani hasa, mgunga mchanga ukachipuka na kukua hadi kimo cha mtu. Sasa nyasi zote zilikuwa zimeng'olewa na kutupwa kando, nao mbuzi walikuwa wakizitafuna. Jembe lilikuwa limevunjika mpini. Ndambiri alikuwa ameushika mgunga kwa mikono mitupu, miiba yake mirefu ikimchoma, damu ikimchuruzika hadi kwenye viwiko, akiuvuta na kulia. Alilia kwa sauti kubwa isiyo na aibu, kama mtu aliyeletewa habari leo.

Rwamba alisimama. Alijua mama humfanyia nini mwanawe akilia. Alipokuwa mtoto, ng'ombe wao wa pekee alipokufa, baba yake alimjia, akapiga magoti, naye akaweka kiganja chake kidogo juu ya kile kichwa kikubwa akasema nyamaza, nyamaza mwanangu, maana ndivyo ilivyotarajiwa. Lakini binti hufanya nini baba yake akilia? Hilo hakuna aliyewahi kumfundisha, na mkono wake, uliojua mengi bila kufundishwa, ulining'inia tu kando ya gauni.

Ndambiri aligeuka akamwona. Mdomo ulifunguka kumwita Mama, ukabaki wazi, halafu ukafungwa.

"Mizizi imeenda chini sana," alisema baadaye.

Rwamba alivua raba zake, akakanyaga ule udongo ulioparuliwa, akainama. Chini kabisa, karibu na ardhi, shina halikuwa na miiba. Akalishika hapo kwa mikono miwili, chini ya mikono ya baba yake. Wakavuta. Mgunga ukainama kidogo upande wao, udongo ukapasuka ufa mwembamba, na kutoka ndani kukaja harufu baridi ya ardhi ambayo haijaona mvua.

"Tena," baba alisema.